Jiwe Jeupe la Boma

Boston, 3 Machi 1983

Mpendwa Mama,

Pokea salamu zangu. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Goti linaendeleaje?

Nimeamua kurudi nyumbani. Tangu Baba atutoke, shamba linanisubiri mimi. Nimeshaandikiana na Malachy mwenye tingatinga. Tarehe 11 Aprili atalisawazisha lile boma la kale, nijenge zizi la kukamulia hapo. Ndipo mahali pekee pasipotuama maji. Ni tuta la udongo na miti ya miiba tu, Mama.

Kifungua mimba wako,
Fintan

Carrowbeg, 14 Machi

Mwanangu Fintan,

Tu wazima. Goti ndiyo hivyo, linajua mvua kabla ya redio. Habari ya kurudi kwako imenifurahisha hadi nikatia sukari kwenye viazi.

Lakini boma liache. Bwana wa mambo ya kale alikuja enzi za baba yako, akaliandika kwenye ramani ya serikali. Kulibomoa ni kesi. Na wenyewe waishio mle, wale wasioonekana kwa macho, unawajua. Mzee Tiernan alikata mti mmoja tu, akapinda mdomo hadi kaburini.

Mama yako

Boston, 22 Machi

Mama mpendwa,

Natumai goti limetulia. Nimecheka peke yangu kwenye basi. Tiernan alipindwa mdomo na pombe. Bwana wa serikali yuko Dublin, atajuaje? Na hao wenyewe waambie wahamie kwa jirani, ana nafasi.

Baba naye aliwaogopa. Utotoni nilipochukua jiwe jeupe mle liwe mlingoti wa goli, alinichapa, mara moja tu maisha yake yote, kisha akalia yeye. Sitaki kuishi kwa woga wa namna hiyo. Malachy atakuja.

Kifungua mimba wako,
Fintan

Carrowbeg, 29 Machi

Fintan,

Leo sikuulizi hali. Baba yako hakuogopa chochote. Kabla yako nilizaa mtoto wa kike. Aliishi saa mbili, akafa hajabatizwa. Padri akasema makaburini hana nafasi, ndivyo ilivyokuwa. Baba yako alimlaza kwenye sanduku la siagi, akambeba alfajiri hadi bomani, wanakolazwa watoto kama yeye tangu zamani. Lile jiwe lilikuwa la kichwani pake. Alilirudisha jioni ileile.

Sijawahi kumwambia mtu. Mimi humwita Dervla. Tingatinga likija, litanikuta nimeketi mle ndani.

Mama yenu

Boston, 8 Aprili

Mama yetu,

Barua yako imefika jana. Nilimpigia Malachy simu palepale, nikamwambia asije. Akasema, "Afadhali. Kaka yangu yumo mle."

Zizi tutajenga nyuma ya nyumba, tukanyage tope kama kawaida yetu. Nisamehe kwa lile jiwe. Nakuja Mei, nawe utanipeleka nikamwone.

Mwanao wa pili,
Fintan