Kompyuta Iliyobadilika Sura

Pasiansi, Mwanza

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Mguu wa babu yako umepata nafuu, na mama yako yuko Magu anavuna mpunga. Umeniuliza kama nami niliwahi kuogopa kompyuta ya kazini ilipobadilishwa. Niliogopa mno.

Miaka ile ya tisini mashirika yalikuwa yanauzwa na watu wanapunguzwa kazi. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya kiwanda cha samaki, pamoja na mwenzangu Leokadia. Tulizoea kompyuta zetu za kioo cheusi, unaandika amri nazo zinatii. Asubuhi moja tukakuta zimewekewa mfumo mpya, wenye vipicha na kipanya. Barua zangu zote sikuziona. Meneja akasema atabakiza mmoja wetu, yule atakayeuzoea upesi.

Niliposhika kipanya, mshale ulikimbia kioo kizima. Leokadia alikuwa kwenye kompyuta yake anabofya tu, nikajua nimekwisha. Siku kadhaa zikapita hivyo. Mwishowe nikamnong'oneza, "Dada, barua zinafunguliwa wapi?"

Akaanza kulia. "Sijui! Nabofya ili uone najua."

Tangu hapo tukafundishana. Hata hivyo Leokadia alipunguzwa, na kila gari la meneja liliposimama mlangoni nilidhani zamu yangu imefika.

Siwezi kukuambia kwamba hofu inaisha. Ila huyo mwenzako wa meza ya pili, unayesema anaijua kompyuta mpya, muulize. Huenda naye anakuogopa wewe.

Bibi yako anayekuwaza,
Nyamizi