Siku Waliponiuliza Kuhusu Zuhura

Baba,

Siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi yako imepita. Wazee walikaa uani kama ilivyo desturi, wakapanga mambo yako yote: miwa, ng'ombe, Mama. Kisha wakanifikia mimi. Baba mdogo akasema safari yangu ya masomo ife, nitafute kazi ya ualimu hapa Matungu, Mama asibaki peke yake. Halafu akaniuliza, mbele ya watu wote, hiyo rada ninayosomea inamsaidia nani.

Nilikutafuta kwa macho, Baba. Kweli nilikutafuta. Wewe ndiye uliyekuwa ukinisemea. Sokoni Mayoni ulikuwa ukiwaambia watu, "Huyu msichana wangu anapigianga Zuhura simu." Nilikueleza mara ngapi kwamba hakuna simu? Kwamba sayari hiyo imejifunika mawingu mazito, jicho halipenyi, kwa hiyo tunatuma mawimbi ya redio, yanagonga ardhi yake na kurudi yakiwa dhaifu, na kutokana na hayo machache tunachora milima na mabonde. Ulikuwa ukisikiliza vizuri, unaitikia kwa kichwa, kesho yake unaenda sokoni na simu yako ile ile. Wewe nawe!

Basi nikasimama. Nikaanza na mawimbi, sauti ikakatika, nikalia mbele ya ukoo mzima. Ndipo Mama, ambaye tangu mazishi alikuwa hasemi kitu, akainua kichwa chake kilichonyolewa.

"Shemeji," akasema, "mzee alikuwa anatokanga nje kila jioni. Nikadhani ni ng'ombe anaangalia. Siku moja nikamuuliza, akasema anaangalia kazi ya mtoto kule juu. Mwache aende."

Hilo hukuniambia, Baba. Hata mara moja. Nimelibeba tangu siku hiyo na bado sijui niliweke wapi. Baba mdogo akaomba chai, mambo yakaishia hapo. Ninaondoka wiki ijayo.

Pumzika, mzee wangu. Nakuahidi nitakuwa narudi kwa Mama kila chuo kikifunga. Siku hizi ni yeye anayetoka nje jioni. Jana alinishika mkono, akaonyesha mwanga upande wa magharibi, akauliza kama ndiyo Zuhura. Ilikuwa taa ya trekta la miwa likipanda mlima. Unanijua, siwezi kuacha kosa lipite.

Nikamwambia ndiyo, Mama, ni hiyo.

Binti yako,
Nekesa