Nimeunguza Sufuria ya Mke Wangu kwa Bia, Sasa Ninunue Ipi?

Mshauri wangu mpendwa, kabla sijaomba huo msaada naomba kwanza nikwambie kwamba hadithi hii mtaa mzima unaisimulia vibaya, na anayeisimulia vibaya kuliko wote ni kinyozi jirani yangu, ambaye mdomo wake una kasi kuliko mkasi wake, kwa hiyo ukisikia kuna mzee aliacha sufuria jikoni akaenda zake kupiga soga, jua si mimi huyo, mimi nilisimama palepale mbele ya jiko na mwiko mkononi kama askari wa lindo.

Mimi ni kuli mstaafu, nimepakia malori bohari miaka thelathini na moja, na walioniita Jaza hawakunionea, maana lori nililopakia mimi hata panya alitafuta pa kukaa akakosa, na wenye mali walikuwa wakifika wanauliza kwanza kama Jaza yupo zamu ndipo wafungue turubai. Shule sikukaa, nilipita tu mlangoni, lakini bia ya nyumbani naipika kuliko waliosoma, kimea changu, hopi zangu, yale maua ya kutia uchungu, hamira yangu, na kila mwisho wa mwezi mama watoto na mimi tunakaa barazani na viti vyetu viwili, yeye ndiye anaonja kwanza, anafumba jicho moja, halafu anasema "hii imekaa" au anasema "hii kaoshee miguu," na akisema ya miguu hata kama mimi nimeipenda naimwaga.

Sasa mshauri, mama watoto alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda miaka ishirini na sita, siku anastaafu wenzake wakampa ile sufuria aliyokuwa akipikia, ya lita ishirini, na hiyo ndiyo nilikuwa naazima kwa bia yangu, yeye mwenyewe akinipimia na kuniambia nisivuke lita kumi na tatu, na mimi miaka yote hiyo nilikuwa naumia moyoni kuona pale juu hapana kitu, maana nafasi tupu kwa kuli ni aibu, kwa hiyo Jumamosi ile alipokwenda kumwona dada yake nikajaza mpaka ukingoni, lita ishirini kamili, nikafunika, nikawasha gesi.

Povu lilivyopanda, mwanangu, lilinyanyua mfuniko kama mtu anayevua kofia kusalimia, likashuka sakafuni, likapita chini ya mlango, likavuka ujia, likaingia kwa kinyozi, na mle ndani alikuwemo mteja mmoja, mzee mtanashati kweli, shavu la kushoto limeshanyolewa linang'aa, la kulia bado jeupe kwa sabuni, redio inasema zimebaki dakika mbili mpira uishe, kinyozi ndiyo kwanza anafuta wembe, mara yule mzee anaona ndala yake moja inaondoka yenyewe, akaruka na kitambaa shingoni, akatoka mbio na sabuni yake.

Mama watoto aliporudi akaiinamisha sufuria, akachungulia, kitako cheusi kama lami na kimea kimeganda huko chini. Akaniuliza, "Ulikuwa wapi?" Nikamwambia, "Hapahapa, mwiko mkononi, sufuria yenyewe ndiyo imechoka." Hii ni wiki ya tatu ananitendea kama mpangaji, "mzee, chakula kipo mezani," "mzee, maji ya kuoga tayari," adabu tupu, hata tusi moja la kuonjea sipati, na kiti chake amekitoa barazani, kipo chumbani amekiwekea nguo.

Nataka nimletee sufuria mpya ya bia ili yake ipumzike. Fundi bati rafiki yangu ana pipa la mabati lililokuwa na rangi, atalikata na kulitia mikono karibu bure. Dukani kuna moja ya stili, ile isiyoshika kutu, ina koki chini na kipimajoto ubavuni, bei yake niliposikia nilishika ukuta. Na sokoni kuna za alumini za bei ya kuongeleka. Niambie ipi itamrudisha mke wangu barazani.

Ni mimi, Jaza, mpakiaji bora bohari nzima.

MSHAURI ANAJIBU

Mzee Jaza, shikamoo. Nimecheka, nikakasirika, nikacheka tena. Sasa nisikilize bila kunikatiza, kama unaweza.

Pipa mwachie fundi bati wako. Mabati yale yamepakwa zinki, na maji ya kimea yana uchachu, yakichemka yanaila zinki na nyinyi mnainywa. Rangi nayo, usugue mpaka mikono iishe, haitoki yote. Unataka kumrudisha mkeo barazani au kumpeleka hospitali?

Ile ya stili ni nzuri, sikudanganyi, ukiwa na hela yake chukua. Lakini kipimajoto cha kuchovya kinauzwa peke yake kwa bei ndogo, na bia haijui kama sufuria yake inang'aa.

Nunua ya alumini. Bia ya lita ishirini inataka sufuria ya lita arobaini, usinibishie. Unaanza na lita kama ishirini na tano, nyingine zinakwenda na mvuke, na povu linahitaji pa kupandia. Hiyo nafasi unayoionea aibu ndiyo unayoilipia. Bonyeza kitako kwa kidole gumba, kikibonyea irudishe, maana nyembamba ndiyo inayounguza. Pima jiko lako kabla ya kutoka nyumbani, kitako kisilizidi likaja kupinduka. Huyo fundi bati mpe kazi inayomfaa, atoboe tundu chini aweke koki, kwa sababu lita ishirini na tano za moto hazinyanyuliwi na mgongo uliostaafu. Mara ya kwanza chemsha maji matupu mpaka ndani paingie ukijivu, na ukijivu huo usiusugue kwa waya. Inapochemka usifunike. Ikishapoa hamishia kwenye ndoo ya kuchachushia, isilale humo.

Na ushukuru moto haukuzimwa na hilo povu gesi ikabaki inatoka. Leo tungekuwa tunaongea mengine.

Sasa la mkeo, babu yangu. Umenieleza shavu la kushoto na la kulia. Umenieleza redio ilikuwa inasema nini na kinyozi alikuwa anafanya nini na wembe. Haya yote uliyaona ukiwa jikoni, kupitia ukuta? Mimi nimeyashtukia nikiwa mbali na sijawahi kupikia hata watu kumi. Mkeo amepikia kiwanda kizima. Akiona kitako kimeungua vile anajua mwiko haukuwemo. Hajanuna kwa ajili ya sufuria. Alikuuliza swali moja, "Ulikuwa wapi?", na mpaka leo hajapata jibu.

Fanya hivi. Ile sufuria yake itie maji na siki, chemsha, ikwangue kwa mwiko wa mti, wewe mwenyewe, mpaka kitako kionekane. Mpelekee mkononi na umjibu swali lake. Ukishamaliza, mwombe aende nawe sokoni, na sufuria achague yeye. Wewe utabeba, ndiyo kazi uliyosomea.

Mwezi na siku kadhaa baadaye tulipokea karatasi hii.

Mshauri mwanangu, ile sufuria nimeikwangua siku mbili mpaka nikajiona humo ndani, nikampelekea, nikamjibu. Akaniita mzee mjinga, tena kwa sauti, kinyozi alisikia, nikajua nimesamehewa. Sokoni aligonga sufuria kumi na moja kwa kifundo cha kidole kama daktari anayepima kifua, muuzaji akapunguza bei mwenyewe ili mama watoto awagongee na wateja wengine, na ya kumi na mbili ndiyo tumeichukua, lita arobaini, kitako kama sinia la chuma, na juu nimeacha nafasi, roho inaniuma lakini nimeiacha. Kiti kimerudi barazani. Jana ameonja bia ya kwanza, akafumba jicho moja, akapiga funda la pili makusudi, kisha akasema, "Hii imekaa."

Kwa hiyo kinyozi mwacheni, anasimulia sawasawa. Yule mteja wa shavu moja alikuwa mimi. Ila la utanashati sikuongeza kitu.