Maiti Aliyelalamikia Wali

Thornton Heath, London
9 Mei 2004

Mpendwa Mama,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kifungua mimba wako. Natumaini baridi ya Wundanyi haijakuzidi, na goti linakuruhusu kwenda kanisani. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Mdogo wangu Albert ameniambia mliiona ile filamu yangu kwake, ukainuka kabla haijaisha, ukasema mtu aliye hai hajilazi jenezani, huko ni kuita kifo. Tangu hapo hutaki kushika simu yangu. Ndiyo maana naandika.

Ilianza hapa kanisani kwetu, miaka mitano iliyopita. Laurette, rafiki yangu Mkongo, alikuwa akiwapikia watu wa filamu. Akatuambia wanatafuta mwanamke Mwafrika wa kuigiza maiti katika filamu ya kutisha na kuchekesha. Wenzangu wakakemea kwa jina la Yesu. Mimi nikasema nitakwenda.

Kazi yangu ilikuwa kuketi ghafla ndani ya jeneza, katikati ya matanga, na kulalamikia chakula. Nilipewa maneno ya Kiingereza, lakini nilipoinuka yakanitoka ya kwetu: "Wali huu mbichi! Mnanizika au mnanifukuza?" Mshika kamera alicheka mpaka akaketi chini. Mwongozaji akasema yabaki hivyo hivyo.

Magazeti yaliiponda, na sinema zikaiondoa haraka. Kisha vijana wakaiokota kwenye kanda za video, wakapeana. Sasa kuna ukumbi mmoja Brixton unaoionyesha kila mara, na Waingereza waliojipaka unga usoni kama maiti hunipokea wakipaza sauti kwa Kiswahili kibovu: "Wali huu mbichi!" Ungewasikia, Mama, ungecheka.

Sasa nikuambie jambo usilolijua. Wiki ile niliyoingia jenezani, daktari alikuwa ameniambia nina saratani ya titi. Wewe ulikuwa umetoka kumzika Baba, ningekuongezeaje? Nilikuwa naogopa hata kuzima taa. Nikaona heri niingie mle kwa hiari yangu, watu wakicheka, kisha nitoke mwenyewe. Sikukiita kifo, Mama. Kilikuwa kimekwisha kubisha hodi. Nilikatwa titi, nywele zikanyonyoka, Laurette akawa ananiogesha kama mtoto. Jumanne iliyopita daktari alisema haoni tena dalili yoyote ya ugonjwa.

Nisalimie Albert na wanawe, na kina mama wote wa kwaya. Tiketi nimekwisha kata. Desemba utaniona nikiupanda mlima kwa miguu yangu, nije unishike kovu kwa mkono wako.

Mwanao akupendaye,
Dinah Wakesho