Nilimwekea Baba Paa Gumu, Sasa Hataki Kuendesha

Mpendwa Mama Nakhumicha,

Naandika nikiwa dukani kwangu hapa Kesses, ambapo nauza mbegu na dawa za mifugo, na naomba unisaidie mapema kwa sababu Jumamosi fundi anarudi, na mimi ndiye niliyemwita.

Baba yangu, Mzee Mbuthia, ana Land Rover kuukuu aliyoinunua kabla sijazaliwa, ya turubai, na turubai yenyewe hushikiliwa na mabomba aliyoyakunja kwa mikono yake, na tangu nipate akili sijamwona akiendesha gari lingine. Anaishi na Mama huko Ainabkoi, na baridi ya Ainabkoi unaijua, mvua huko huja kwa ubavu ikaingia chini ya turubai kama imealikwa, na mwaka jana Mama alishikwa na nimonia akalazwa, daktari akatuambia kifua chake hakiwezi tena kupigwa na upepo, na kila mwezi lazima aende kliniki Eldoret, na Baba hakubali kabisa apelekwe na mtu mwingine, anasema mke wake atapelekwa na yeye.

Basi nikaanza kutafuta hadtopu, lile paa gumu lenye madirisha na mlango wa nyuma, nikalipata Moi's Bridge kwa mkulima mmoja anayeitwa Kigen, ambaye Land Rover yake ilikufa injini zamani na kuku wakawa wanatagia ndani. Kigen ni mtu mwema, aliwafukuza kuku, akaliosha paa kwa sabuni, akanionyesha mahali linapokutana na kioo cha mbele akasema, "Dada, hapa raba imeoza, tafuta nyingine." Wakati huo Baba alikuwa amesafiri kwenda Nyahururu kwa matanga ya ndugu yake, nikaona hiyo ndiyo nafasi ya kumfanyia sapraizi, nikamwita fundi Wabuge, tukang'oa turubai na mabomba, vijana wakainua paa likakaa, ila mashimo mengine hayakulingana, kwa hivyo Wabuge alifunga yale yaliyokubali akasema mengine atamalizia baadaye.

Baba aliporudi alilizunguka gari, akagonga paa kwa kidole, akasema, "Asante, mwanangu. Mama yako hatalowa tena." Nilifurahi mpaka nikalia.

Lakini furaha haikukaa. Walipotoka kliniki mara ya kwanza, Mama alinipigia simu akisema Baba amempita jirani yetu Mama Waiyego kando ya barabara, na huyo mama alikuwa anapunga mkono na kuita, na siku zote Baba humbeba, na Mama alipomwambia, "Geuka hapa kwa duka la dawa," yeye akajibu, "Ndiyo, itanyesha," akaendelea mbele. Mama akaona anafanyiwa dharau. Walipofika nyumbani Baba aliweka funguo mezani akasema, "Gari ni lenu sasa. Mimi nimechoka na barabara." Hajaligusa tena. Siku nyingi anashinda kwenye stoo mahali turubai limekunjwa, na Mama ameapa kwamba kama mume wake hataki kumpeleka basi haendi na mtu, na mwezi huu kliniki imempita. Anasema Baba anapenda mabomba yake kuliko yeye. Nilimuuliza Baba, "Shida ni paa?" Akaniambia, "Paa ni zuri," akarudi stoo.

Sasa Wabuge anasema maji yanavuja mbele na paa linagongagonga, na dawa ni kulipiga ribiti, misumari ya chuma isiyofunguliwa, pande zote na kukata vile vikono vilivyokuwa vinashika mabomba, lisitoke tena. Aliniambia, "Mzee akiona hakuna njia ya kurudi, atazoea." Mama amekubali. Mimi nusu nakubali, nusu naogopa. Nimwache fundi amalize, au nirudishe turubai Mama apigwe na baridi?

Kabura, Kesses

*

Kabura mwanangu,

Pole, na ufikishie Mama pole zangu. Kabla hujasoma zaidi, mpigie Wabuge simu umwambie Jumamosi asije na ribiti wala msumeno. Anataka kumfungia baba yako mlango ili amzoeshe chumba. Hiyo si kazi ya fundi.

Sasa nikugombeze kidogo. Mtu akija dukani kwako akasema ng'ombe wake ni mgonjwa, humuulizi amekula nini, ameanza lini? Baba yako ulimtibu akiwa safarini. Nia yako ilikuwa njema na paa lilihitajika, sikatai, lakini gari lile amelitunza kwa mikono yake. Ungemngoja arudi mlifunge pamoja.

Hata hivyo, mimi sidhani amekasirika. Mtu mwenye hasira akiambiwa ageuke kwa duka la dawa, hunyamaza au hufoka. Hajibu habari za mvua. Anayejibu hivyo ni mtu ambaye hakusikia akabahatisha. Marehemu mume wangu aliendesha gari la aina hiyo, kwa hivyo nakuambia ninalolijua: chini ya turubai ngurumo ya injini hutoka nje, chini ya bati hubaki ndani na kuvuma kama mashine ya posho. Kama masikio ya baba yako yameanza kuchoka, zamani aliweza kujikokota. Sasa hamsikii jirani, hasikii honi, hamsikii mke aliyeketi kando yake. Naona aliweka funguo chini kwa sababu aliogopa kumuua mama yako barabarani, na akaona haya kulisema. Naweza kukosea. Mimi si daktari.

Kliniki haingoji haya yaishe. Wiki hii tafuta gari lililofungwa vizuri umpeleke Mama mwenyewe, na Baba aje, apimwe masikio hapo hapo mjini. Mwambie wazi unampeleka kwa nini, usimdanganye. Wakati mwingine ni nta tu, wakati mwingine ni kifaa kidogo, na mpaka apimwe asishike usukani.

Paa libaki, ila lifungwe kwa bolti na nati, na raba mpya pale mbele kama Kigen alivyokuambia. Ndani libandikwe sponji na zulia zito, kelele ipungue. Vikono visikatwe, kiangazi kikija anayetaka turubai alirudishe. Kazi yote asimamie baba yako, Wabuge ashike spana na kufuata maagizo.

Lakini kwanza nenda Ainabkoi. Usiongee naye garini, wala redio ikiwa inalia. Keti mbele yake akuone mdomo, umuulize, "Baba, ukiwa ndani ya gari, unamsikia Mama?" Kisha ungoje, hata akikaa kimya. Akisema hapana, usimjibu wewe. Mwite mama yako aje alisikie kwa mume wake mwenyewe, kwa maana amekuwa akilala akidhani hapendwi.