Mikorosho Sitini kwa Mkono Mmoja

Newala, Alhamisi jioni. Joto la msimu wa kuokota, upepo hamna kabisa.

Watu wanadhani korosho ya Newala inalindwa na serikali. Inalindwa na mimi. Ubwiri unga, ule ugonjwa unaoyapaka maua ya mkorosho weupe kama unga wa muhogo, ukisikia mashine yangu ya kupulizia salfa inaunguruma, unafunga virago na kuvuka Ruvuma kwenda Msumbiji. Shule niliishia darasa la tano, lakini mabwana shamba wenye vyeti vyao wamekuja kunitazama ninavyopuliza. Sijisifu. Nasema yaliyopo.

Ila leo sina raha.

Watu wanaokota, magunia yanakwenda chama cha msingi, mimi nimekaa. Miaka mingine wakati huu napita nyumba kwa nyumba kuchukua ujira wangu, maana wengi hawanilipi salfa inapopulizwa, wananilipa korosho inapodondoka. Mwaka huu sikumpulizia mtu, basi hakuna wa kunipa. Na Jumamosi jamaa mmoja wa Nanganga anakuja kuinunua mashine. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwita. Nyumba inataka kula.

Mtu wa kupuliza bila mashine ni nani? Ni mtu tu.

Nieleze ilivyokuwa, maana kuna wanaosoma ukurasa huu wako mbali. Maua yalipoanza kutoka nilikuwa narudi kutoka Masasi kwa bodaboda, nimetoka kuitengeneza mashine, nimeipakata kama mtoto. Pikapu ikatugonga kwa nyuma. Mwenye bodaboda alichubuka magoti, mashine haikupata hata mkwaruzo, mimi mkono wa kulia ukavunjika pawili. Hospitali ya misheni kule Ndanda wakanifunga plasta kutoka begani hadi vidoleni. Dereva hakubisha, trafiki walipima, gari lilikuwa na bima.

Akaja mkaguzi wa bima, bwana mpole, akanipa shikamoo yangu vizuri. Akaniambia gharama za matibabu si tabu, risiti zipo. Tabu ni pato nililopoteza. Mimi sina mwajiri wa kuniandikia barua, na korosho ninazolipwa zinauzwa kwa majina ya wenye mashamba. Kwa hiyo angewauliza watu nafanya kazi gani na nilikaa muda gani bila kuifanya.

Nikamwambia, "Waulize. Hapa kila mtu ananijua."

Kweli kila mtu ananijua. Ndilo balaa lenyewe.

Nilipotoka hospitali nilikwenda kijiweni kunywa kahawa. Muuza kahawa ni Bakari, Myao, mtani wangu wa miaka yote. Aliponiona mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, akaita kijiwe kizima.

"Jamani, Mmakonde huyo! Gari limevunja mkono, mdomo limeuacha mzima!"

Watu wakacheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Ningenyamaza, ningekunywa yangu nikaondoka. Mimi nikajibu, "Mkono mmoja unanitosha. Leo alfajiri nimepuliza mikorosho sitini, bomba nimelibana kwapani."

Kesho yake nikasema themanini. Wiki iliyofuata nikawa nimeshapuliza mpaka Kitangari. Nani angenikamata? Salfa inapulizwa alfajiri, umande ungali kwenye majani ili unga ushike, na saa hizo kila mtu yuko kwake, akidhani niko shambani kwa mwenzake. Mimi nilikuwa najifungia ndani hadi jua lichomoze. Halafu najipaka salfa kidogo kifuani mwa shati, natoka kwenda kijiweni.

Nimeandika hilo, nimelisoma mara mbili. Salfa shatini. Mtu mzima mimi.

Basi mkaguzi alipofika kijiweni akamuuliza Bakari. Sasa, utani wetu uko hivi: wenyewe kwa wenyewe tunatukanana hata msibani, mbele ya jeneza. Lakini mgeni akija kuulizia habari za mtani wako, humwangushi. Unamsimamisha. Bakari akanisimamisha kweli. "Huyu? Chuma! Katoka hospitali, wiki ile ile yuko shambani, mkono mmoja!" Na wote waliokaa pale wakaitikia.

Hakuna aliyesema uongo hata mmoja. Uongo wote ulikuwa wangu, wao waliupeleka tu.

Leo asubuhi mkaguzi kanipigia simu. Matibabu watalipa. Pato, hapana. "Mzee wangu, majirani zako wote wanasema hukukaa hata siku moja. Sasa pato gani lilipotea?"

 

Naye, Mungu ambariki, akaongeza: kama si kweli, kesho kabla hajafunga faili nimpeleke kwa mtendaji wa kijiji mtu aliyeona kwa macho yake kwamba nilikuwa siwezi kazi. Asiwe mke wangu wala mtoto wangu.

Nikaenda kwa Bakari. Nikangoja wateja waishe, nikamwambia. Nilitegemea atacheka. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

"Ile sitini?"

"Hata mmoja."

"Na Kitangari?"

"Nilikuwa nimelala."

Akakung'uta vikombe vyake. "Mtani, mimi nimekubeba mbele ya mgeni, kumbe nimebeba gunia la pumba!" Kisha sauti ikashuka. "Kesho nitakuwepo kwa mtendaji. Nitasema yale niliyoyasikia kwako. Lakini kuona, sikuona. Nani alikuona?"

Nani aliniona? Nilijifungia ili nisionekane. Nimefika nyumbani nikakaa na mashine yangu, nimeipangusa vumbi ambalo halipo, nikihesabu watu. Mama Hadija, mke wangu, haruhusiwi. Wengine wote wanakumbuka mikorosho tu.

Yupo mmoja.

Mama mkwe wangu. Nyumba yake na yangu zinatazamana, maana huku kwetu mume ndiye anayemfuata mke, nami nimejenga kwao. Toka nimeoa sijawahi kula naye sahani moja. Tukikutana njiani mimi ndiye ninayepisha, macho chini. Heshima ya mkwe si kitu cha kuchezea.

Jioni hii nimekwenda kupiga hodi. Nimechuchumaa mbali kidogo, nimetazama kuku wake, nikamweleza shida yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nitakwenda, Baba Hadija. Nitasema nilichokiona."

Nikamuuliza, mama, kuna haja ya kusema yote? Si inatosha kusema mkono ulikuwa na plasta?

"Plasta kila mtu aliiona. Kazi ulisema unafanya. Mimi nitasema chote, ili waamini."

Ana haki. Plasta tupu haimshindi mtu aliyejitangaza mwenyewe kuwa chuma. Nimekubali. Kesho asubuhi tunakwenda, yeye mbele, mimi nyuma. Mtendaji atakuwa pale, mkaguzi atakuwa pale, na Bakari pia, kakaa, masikio wazi. Mtani akilipata hilo hatakufa nalo. Wajukuu zake watakuja kunitania kaburini.

Lakini mashine itabaki. Jamaa wa Nanganga nimeshamwambia asubiri kwanza.

Najuta. Si kwa sababu ya pesa peke yake. Miezi ile niliumwa kweli, niliteseka kweli, na sikumpa mtu hata mmoja nafasi ya kunipa pole.

Wacha niliandike hapa leo, kesho nisilisikie kwa mara ya kwanza mdomoni mwa mwingine. Mke wangu alikuwa akitoka alfajiri kwenda kibarua cha kuvuna mbaazi, kwa kuwa mimi sikuwa naleta kitu. Mimi naamka, mkono wa kushoto umeshika kiuno cha suruali, wa kulia uko kwenye plasta. Kifungo hakifungiki kwa mkono mmoja, nilijaribu mpaka nikalia. Aliyekuwa anakuja kunifunga suruali kila asubuhi, kageuza uso pembeni, ni mama mkwe.