Kifuniko Chembamba cha Kisima Chetu

Jumatano. Mvua ya ugenini, ile isiyo na ngurumo, tangu alfajiri.

Mikono bado inanitetemeka. Asubuhi, ng'ambo ya barabara, nimemwona fundi akitandaza wavu wa waya na kuupaka saruji, unene wa vidole viwili tu. Papo hapo nikawa tena mtoto, mtaani kwetu Mkunazini, miaka michache baada ya Mapinduzi, kabla hatujauhama mji.

Kisima cha uani kilihitaji kifuniko kipya. Baba alikitengeneza kwa vipande viwili vya nusu duara. Cha kwanza kilikuwa zege tupu la kokoto, nene shibiri nzima, bila chuma ndani. Saruji ikakaribia kumwishia, na madukani haikuwapo. Basi cha pili akakisuka kwa wavu wa banda la kuku, tabaka juu ya tabaka, akakipaka saruji iliyobaki na mchanga.

Shangazi Zuwena, dada yake, alicheka mpaka akakaa chini. "Kaka, hiki kifuniko au chapati?"

Baba akatupiga marufuku kuikanyaga hiyo chapati.

Siku moja kabla ya Idi, Mama alikuwa akitwanga ngano ya boko-boko, chakula chetu cha sikukuu. Kinu alikiweka juu ya zege nene, kama alivyoagizwa.

Likavunjika. Hata ufa hatukuuona kwanza.

Kinu kilitumbukia. Mama naye akazama hadi kwapani, mikono imeng'ang'ania ukingo wa kipande chembamba. Nilijitupa kifudifudi juu ya kile nilichokatazwa, nikamshika. Shangazi akanilalia miguu. Kilipinda. Nilikisikia kikilia chini ya mbavu zangu, nyufa nyembamba kama nywele zikatambaa mbele ya macho yangu.

Hakikukatika.

Tulipomtoa, Baba alikuwa amesimama mlangoni. "Nitamimina jingine, Mama Salma. Safari hii nitaongeza unene."

"Unene ulikuwepo, Baba Salma. Hukuona nilikokwenda?"

Kisha, goti linavuja damu, akaenda bandani, akawafukuza kuku, akang'oa wavu wote uliobaki na kuubwaga miguuni pa Baba.

Idi ile kuku walishinda ukumbini, wakipita baina ya miguu ya wageni. Mimi niliwacheka, nikala boko-boko, nikalala usingizi mzito.

Siku ile sikutetemeka hata kidogo. Mbona hofu ile imenifika leo, Mama mwenyewe akiwa hayupo wa kunishika mkono?